Mikono ya Dorkasi

Mazungumzo ya redio kutoka Leparua, Isiolo. Somo: Matendo ya Mitume 9:36-43.

Popote mlipo saa hii, nyumbani, dukani, au machungani na redio ndogo mfukoni, karibuni tukae pamoja kwa kitambo kidogo tulitafakari Neno la Mungu.

Leo nataka kunena nanyi juu ya jambo ambalo labda hamkulitazamia katika mazungumzo ya dini. Nataka kunena juu ya mbao na msumeno, na juu ya mtu aketiye chini ya mti wakati wa jioni akikata mapambo, si kwa kuwa ametumwa na tajiri, bali kwa kuwa moyo wake wapenda kazi ile. Wengine watasema, "Mchungaji, hilo ni jambo la mchezo. Tuambie juu ya wokovu." Nami nawajibu: vumilieni kidogo, kwa maana Biblia yenyewe haikuona aibu kutaja kazi ya mikono, wala haikuiweka mbali na habari za wokovu.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe. Msumeno ninaousema si ule mkubwa wa kupasulia magogo, wala ule wa seremala wa kukatia mbao za paa. Ni chuma kilichopindwa mfano wa upinde, na kati ya ncha zake mbili umekazwa utepe mwembamba wa chuma wenye meno madogo sana. Kwa sababu ni mwembamba, waweza kugeuka ndani ya ubao na kufuata mviringo wa jani, au shingo ya twiga, au herufi za jina. Penye umeme, watu hutumia mashine ambayo utepe wake hupanda na kushuka upesi kama sindano ya cherehani. Lakini ule wa mkono hauhitaji umeme, nao wafaa hata kwetu Leparua, mradi mtu awe na meza imara na macho mazuri.

Mtu huchora picha katika karatasi, kisha huibandika kwa gundi juu ya ubao mwembamba wa plaiwudi au wa saiprasi. Akitaka kutoa sehemu iliyo katikati ya picha, hawezi kuingia kutoka pembeni bila kuiharibu kazi. Yampasa atoboe tundu dogo kwa keekee, aufungue utepe upande mmoja, aupenyeze katika tundu lile, aufunge tena na kuukaza, ndipo aanze kukata. Tundu likiwa moja, hufanya hivyo mara moja. Yakiwa 30, hufanya hivyo mara 30. Tena akiwa mtu mwenye busara, hukata sehemu za ndani kwanza, na ukingo wa nje huuacha mwisho. Akianza na nje, kile kipande hubaki chembamba na dhaifu, wala hana tena mahali pa kukishika. Na akiharakisha penye kona, utepe hukatika. Hapo hana budi kutia mwingine na kuendelea.

Kazi ya namna hii si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Ukifika Unguja, karibu na bandari, utaiona nyumba iitwayo Zahanati ya Zamani. Roshani zake za mbao zimekatwakatwa na kutobolewa kwa ustadi hata zaonekana kama kitambaa cha lesi. Nyumba hiyo ilianzishwa kwa mali ya Tharia Topan, mfanyabiashara wa Kihindi. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887, na jengo likamalizika mwaka 1894, mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Nilipojua nyumba ile ilikusudiwa nini, nilishangaa. Ilikusudiwa kuwa mahali pa kuwatibu maskini. Mafundi hawakusema kwamba maskini yatosha kupewa dawa tu, na uzuri waachiwe matajiri. Waliupamba mlango ambao mgonjwa asiye na kitu angeuingia.

Basi sasa twendeni Yafa, mji wa somo letu. Yafa ulikuwa mji wa bandari. Katika 2 Mambo ya Nyakati 2:16 twasoma ya kuwa miti ya Lebanoni iliyojenga hekalu la Sulemani ilielea baharini mpaka Yafa, ndipo ikapandishwa Yerusalemu. Miaka mingi baadaye aliishi huko mwanamke mwanafunzi wa Bwana, jina lake Tabitha, na kwa Kiyunani Dorkasi, maana yake paa. Sisi wa Isiolo twamjua paa kwa macho, hatuna haja ya kuelezwa.

Dorkasi huyu akaugua, akafa. Wakamwosha, wakamlaza katika chumba cha juu. Petro alikuwa Lida, si mbali na hapo, nao wakamtumia watu wawili wamsihi aje. Alipofika na kupandishwa juu, wajane walimzunguka wakilia. Nao walifanya nini? Hawakumsomea barua ya kumsifu marehemu. Hawakuhesabu mali aliyoacha. Walimwonyesha Petro kanzu na nguo ambazo Dorkasi alizishona alipokuwa pamoja nao. Fikirini neno hilo. Mtume wa Bwana amesimama mbele ya maiti, na ushuhuda aletewao ni ushonaji. Luka, aliyeandika habari hizi, hakuona kwamba jambo hilo ni dogo mno kuandikwa. Kisha Petro akawatoa wote nje, akapiga magoti, akaomba, na Mungu akamfufua Dorkasi, akakabidhiwa kwa wajane na watakatifu akiwa hai.

Ndugu zangu, katika habari hizi natoa mafundisho matatu, nami nayasema kwa ajili yetu sisi tunaoishi katika nchi kavu.

La kwanza ni hili: ustadi wa mikono ni kipawa cha Mungu, wala haupimwi kwa fedha peke yake.

Mwaijua hali yetu. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2, na sehemu kubwa ilikuwa katika kaunti hizi zetu za kaskazini. Mvua zikarudi mwaka 2023, majani yakaota, lakini majani hayamrudishi ng'ombe aliyekwisha kufa. Na kwa mfugaji, kufiwa na ng'ombe si kupoteza mali tu. Twapimana kwa ng'ombe. Mwenye wengi husikizwa barazani, na asiye nao hukaa nyuma. Kwa hiyo nimeona wanaume wenye nguvu wakiketi kutwa nzima kando ya duka, mikono imekunjwa, macho yako barabarani, kana kwamba wangojea mtu ambaye hatakuja.

Mtu wa namna hiyo, akishika kazi yo yote ya mikono, swali la kwanza aulizwalo ni hili: "Yauzwa pesa ngapi?" Akisema kwamba haiuzi, watu hucheka. Mimi sisemi kuuza ni dhambi. Paulo alishona mahema akajilisha mwenyewe, na mwenye kula jasho lake hana wa kumwaibisha. Lakini hebu someni Kutoka 35, kuanzia mstari wa 30. Israeli walikuwa jangwani, mahali pakavu kama petu. Mungu akamwita Bezaleli kwa jina, akamjaza Roho yake. Apate kuhubiri? La. Apate kutabiri? La. Alijazwa Roho apate kubuni kazi za ustadi, kufanya kazi ya dhahabu na fedha na shaba, kuyakata mawe ya thamani, na kuchonga miti. Mtu wa kwanza ambaye Biblia yasema waziwazi kwamba Mungu amemjaza Roho yake alikuwa fundi.

Na hakuwa peke yake. Aliwekewa mwenzake, Oholiabu. Bezaleli alikuwa wa kabila la Yuda, lililotangulia mbele katika safari. Oholiabu alikuwa wa kabila la Dani, lililofuata nyuma kabisa. Mungu aliwaweka katika karakana moja. Hapa kwetu wanaishi Wandorobo, Wasamburu, Waturkana, Waborana na Wasomali. Na kila watu wanao ustadi wao. Ni nani asiyemjua mzee wa Kiturkana na ekicholong yake, kigoda kidogo kilichochongwa katika kipande kimoja cha mti, ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto wa kulalia? Hakuna aliyeuliza kwa nini kina umbo zuri, wakati gogo lingetosha. Baba zetu walijua kwamba chombo cha kila siku chaweza pia kupendeza macho.

Fundisho la pili: kazi yapasa imalizike.

Wajane walishika mikononi nguo zilizokwisha kushonwa. Kama Dorkasi angeacha vitambaa vilivyokatwa na uzi usiofungwa, wangemwonyesha Petro nini? Wako wengi wanaoanza. Kila nyumba ina kiti kisicho na mguu wa nne, na shairi lisilo na ubeti wa mwisho, na ahadi iliyosemwa siku ya Krismasi ikasahauliwa kabla ya Pasaka. Msumeno huu mwembamba ni mwalimu mkali katika jambo hilo. Picha yenye matundu 30, ukikata 29 ukaacha moja, kila aitazamaye ataliona lile moja.

Nao watufundisha zaidi. Nilisema fundi mwenye busara hukata ndani kwanza, na nje mwisho. Si ndivyo Bwana Yesu alivyowaambia Mafarisayo katika Mathayo 23:26, kwamba waanze kusafisha ndani ya kikombe? Wengi wetu huanza na ukingo. Twanunua kanzu nzuri ya kwaya, twajifunza kusali kwa maneno marefu, hali ndani kuna sehemu ambazo hazijaguswa. Kisha jaribu likija twavunjika, kwa kuwa tulikuwa tumejifanya wembamba pande zote na hatukuacha mahali ambapo Mungu angetushika. Mkabidhi Bwana ya ndani kwanza. Atatoboa, nayo itauma. Atapenya, na kukaza, na kukata. Lakini fundi huyo hajaacha kazi njiani hata mara moja.

Fundisho la tatu, na hili ndilo kiini cha maneno yangu ya leo: kazi iliyomalizika yapasa ionekane na wengine, na mikono iliyoifanya ijue kuiachilia.

Hapa yataka tuangalie. Bwana alitukataza tusifanye wema ili tutazamwe na watu. Twasoma hayo katika Mathayo 6. Lakini katika mlango wa 5 alituagiza tusiifiche taa chini ya pishi. Je, maneno haya yapingana? Hayapingani. Tazama Yafa. Dorkasi hakuzionyesha nguo zake, walizionyesha wale waliozivaa. Mwenye majivuno huonyesha kazi apate kusema, "Nitazameni mimi." Mwenye upendo huitoa kazi mkononi mwa mwenzake, na yule mwenzake ndiye anenaye.

Katika ushirika wetu yuko mzee mmoja ambaye sitamtaja jina. Alikuwa na ng'ombe 41. Ukame ulipokwisha alibakiwa na 3. Seremala mmoja wa mjini alimpa msumeno wa namna hii uliokwisha kuchakaa, na vipande vya plaiwudi vilivyobaki kazini. Yule mzee akaanza kukata ng'ombe. Hakukata ng'ombe wa vivi hivi. Aliwakata wale wake waliokufa, mmoja mmoja, kama alivyowakumbuka: huyu pembe imeshuka, huyu nundu imeinama, huyu sikio limepasuliwa hivi. Wafugaji mnaelewa. Mtu hasahau sura ya ng'ombe wake.

Siku moja mkewe alimwambia, "Baba watoto, unga umekwisha, nawe wakata ng'ombe wasiokamuliwa?" Neno hilo lilikuwa la haki, naye alilipokea. Akauweka msumeno chini, akaenda kutafuta kibarua cha kubeba mawe. Tangu siku hiyo kazi ya mbao aliifanya jioni tu, baada ya kazi ya chakula. Nalisema hili kwa ajili ya ninyi wanaume mnaonisikiliza. Kazi ya mapumziko ikimnyima mtoto uji, imekoma kuwa mapumziko, imekuwa bwana. Soma Isaya 44, kuanzia mstari wa 13, ile habari ya seremala apimaye ubao kwa kamba na kuuchora na kuulainisha. Nusu ya mti aliwasha moto akaota na kuoka mkate, na nusu iliyobaki akaifanya mungu akaipigia magoti. Nabii hakulaumu randa wala patasi. Alilaumu magoti yaliyopigwa mahali pasipo haki.

Alipomaliza ng'ombe 20, mzee yule alikuja nao kanisani siku ya sikukuu ya mavuno, siku ambayo wengine walileta mahindi na kuku. Hakuwa na cho chote kingine. Baada ya ibada aliwapanga juu ya kitambaa, chini ya mti. Watu wakakusanyika. Wazee wakaanza kuwataja kwa majina: "Huyu ni yule aliyevunja boma siku ile." "Huyu nalimjua mama yake." Watoto ambao hawakuwahi kuliona zizi la babu yao limejaa, siku hiyo waliliona.

Akaja na jirani mmoja, si wa kabila lake. Wawili hawa walikuwa hawajanywa chai pamoja tangu ugomvi wa kisima. Jirani aliokota ng'ombe mmoja wa mbao, akamgeuza, akamtazama kwa muda. Kisha akasema, "Mzee, huyu ni wa ukoo wa ule mtamba ambao baba yangu alimpa baba yako." Mzee akajibu, "Ndiye." Basi hawakusema mengi. Mzee akamwambia, "Mchukue. Nami nilipewa."

Siwaambii kwamba ugomvi wa kisima ulikwisha siku ile. Haukwisha. Ilibidi wazee wakae baraza mara nyingi, na hata sasa kuna maneno. Lakini jioni ile walikunywa chai, na yule ng'ombe wa mbao yupo juu ya mlango wa jirani mpaka leo. Kitu kidogo, kisichokamuliwa wala kuuzwa, kiliwakumbusha watu wawili kwamba baba zao walikuwa marafiki. Na katika nchi ambamo vijana hushawishiwa kuchukua bunduki kwenda kuleta ng'ombe wa wenzao, hilo si jambo la mchezo hata kidogo.

Kuna namna nyingine ya kushirikiana kazi, nayo ni kufundisha. Turudi kwa Bezaleli. Kutoka 35:34 yasema ya kuwa Mungu alitia katika moyo wake na wa Oholiabu kipawa cha kuwafundisha wengine. Ustadi unaofungiwa sandukuni hufa pamoja na mwenyewe. Katika Ukambani aliishi Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alifika Tanganyika, akajifunza huko kuchonga vinyago vya miti. Aliporudi kwao aliwafundisha wengine, na hao wakafundisha wengine, hata Wamunyu yote ikajulikana kwa uchongaji. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba waliunda chama chao cha ushirika huko Changamwe, Mombasa, na maelfu ya watu wamekula na kusomesha watoto kwa kazi hiyo. Yote hayo yalianza kwa mtu mmoja aliyeacha wengine watazame mikono yake.

Tena wachongaji hao wanatuonya jambo moja. Walipenda sana mti wa muhugu, hata ukawa haba katika misitu, kwa maana hukua polepole mno. Ndipo wengi wakageukia mwarobaini na mwembe na jakaranda, miti ikuayo upesi. Basi mtu wa Leparua asichukue kazi hii kuwa sababu ya kuangusha mgunga ulio hai, wala mtarakwa wa msituni. Vipande vitupwavyo na maseremala vyatosha. Mbao za masanduku ya matunda zatosha. Bwana wetu, baada ya kuwalisha watu elfu tano, aliagiza vipande vikusanywe kisipotee kitu. Yule aliyeweza kuumba mikate hakudharau mabaki.

Sasa nawaomba mambo mawili ya kufanya.

Ninyi wazee na akina mama wenye ustadi wo wote, wa mbao, wa shanga, wa kusuka vibuyu vya maziwa, wa kushona, tafuteni mtoto mmoja kabla ya mwaka huu kwisha, aketi karibu nanyi atazame. Asiwe wa nyumba yako peke yake. Ikiwezekana awe wa jirani ambaye hamsemi vizuri. Mtoto akijikata kidole kidogo, mfunge, aendelee. Akivunja utepe, mpe mwingine. Sisi sote tumevunja vingi mkononi mwa Bwana, naye hakutufukuza.

Na ninyi viongozi wa makanisa, siku moja katika mwaka wapeni watu nafasi waje na kazi zao zilizomalizika. Msiweke zawadi ya kwanza na ya pili, wala msiulize bei. Waacheni watu watazame, wapokee, washukuru. Yuko mtu katika ushirika wako ambaye hajui kuomba mbele za watu, hawezi kuimba, wala hana cha kutia katika sahani ya sadaka, naye amekwisha kudhani kwamba kanisani hana kazi. Mwite kwa jina, kama Mungu alivyomwita Bezaleli.

Ipo kazi moja ndogo ya mbao ambayo kila Mkristo afikaye Unguja huonyeshwa. Katika Kanisa Kuu la Kristo, huko Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873, kuna msalaba wa mti. Mti huo ulitoka Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Ni ule mti ambao chini yake Chuma na Susi na wenzao waliuzika moyo wa David Livingstone mwaka uo huo wa 1873. Msalaba wenyewe si mkubwa, wala hauna dhahabu. Ni kipande cha mti tu, ambacho mikono ya watu ilikikata, ikakiunganisha, ikakitoa. Lakini umesimama pale ambapo watu waliuzwa kama ng'ombe, nao watangaza kwamba ipo bei nyingine iliyokwisha kulipwa kwa ajili yetu.

Maana Mwokozi wetu naye aliijua mbao. Mikono yake ilizoea kazi ya seremala huko Nazareti kabla haijawagusa vipofu. Miaka mingi hakuna aliyemsifu, na meza alizozitengeneza hazikuandikwa katika kitabu. Kisha mikono ile ile ikapigiliwa misumari katika mti ambao wengine walikuwa wameuchonga. Hapo alimaliza kazi aliyopewa na Baba, yote, bila kuacha tundu hata moja. Na alipofufuka, wanafunzi wakiwa na hofu, aliwaonyesha nini? Aliwaonyesha mikono yake.

Tuombe.

Ee Mungu uliye Fundi wa mbingu na nchi, twakushukuru kwa mikono uliyotupa. Uwakumbuke waliopoteza mifugo, na wale wakaao mikono imekunjwa. Uwape kazi ya kuwalisha, na kazi ya kuwafariji. Utufundishe kumaliza tulichokianza, na kutoa tulichokimaliza. Uwapatanishe majirani wa Leparua na wa Isiolo yote, ili visima viwe vya wote na watoto wasirithi ugomvi wetu. Ukate ndani yetu kila kisichokupendeza, wala usituache njiani, mpaka sura ya Mwanao ionekane ndani yetu. Twaomba kwa jina la Yesu Kristo, seremala wa Nazareti na Bwana wetu. Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote. Kwa herini.